Bamba la Pili

Ukimwambia Fundi jua la leo kali, alikujibu, "Nani kakuuliza?" Ukimwambia cheche imeruka na shati lake linaungua mgongoni, alikujibu hivyo hivyo, kisha akalivua polepole, akalikanyaga, akalivaa tena na tundu lake. Nilikaa naye jirani Mwembesongo miaka mingi, nyumba yake na yangu zimebanana, na sikumbuki siku hata moja aliyoniambia ahsante. Lakini sufuria zangu zote zilizotoboka ni yeye aliyeziziba. Nilikuwa naamka nakuta sufuria mlangoni, imezibwa, imesuguliwa, na mwenyewe keshakwenda zake kazini.

Alizaliwa wapi na wazee wake walikuwa kina nani, hayo niyaache. Inatosha kusema ukoo wake na ukoo wangu ni watani, kwa hiyo niliweza kumwita jina lolote nilitakalo mbele za watu na asinikasirikie. Au akikasirika, asiwe na haki ya kukasirika. Nilimwita Tumbo la Mkaa, nilimwita Nyusi Zimekwenda Wapi, kwa sababu moto ulikuwa umemla nyusi zote. Yeye aliniita Mama Uji, na siku akiwa na furaha aliniita mchawi.

Na nitasema mapema, ili asije mtu akakaa hapa akingojea jema mbele. Huyu bwana alimpenda mtoto wa dada yake kuliko kitu chochote duniani, akamfulia chuma cha kumkinga na risasi, na chuma hicho ndicho kilichomuua. Habari yenyewe ni hiyo. Yaliyobaki ni namna mtu huyu alivyokuwa.

Alikuwa mfupi, kifua kipana, kidole gumba cha kushoto kimepondwa na nyundo kikabaki bapa. Sikio moja lilikuwa limekufa kwa makelele ya karakana ya reli, na lile lililobaki alilielekeza kwako kama anakutegea. Kwa hiyo alizungumza kwa kupiga kelele. Akikunong'oneza siri, walioko mashambani kule Msamvu wanaipata. Mke alikuwa naye zamani, akaondoka, akasema hawezi kuishi na mwanamume anayemwambia nakupenda na majirani wote wanaitikia.

Alikuwa Mwislamu wa swala tano. Lakini mvua za kwanza zikikaribia alipanda milimani kwa watu wake kwenye tambiko, akashika kibuyu cha pombe ya mtama na kuimimina chini kwa ajili ya wazee waliokufa. Nilimchokoza, "Fundi, wewe si huwa unasema pombe haramu?" Akanijibu kwamba yeye hakunywa, aliishika tu, na waliokunywa wako chini ya ardhi, huko hakuna shehe. Basi utamfanya nini mtu kama huyo?

Fundi alimchukia Mjerumani kwa haki. Wakati reli inaletwa Morogoro alilazwa chini akachapwa viboko, hamsa ishirini, ndiyo ishirini na tano, kwa sababu alimwambia msimamizi mzungu kwamba misumari yake ya ribiti imepigwa vibaya. Makovu aliyaonyesha mtu asipotaka kuyaona. Na bado alivaa kofia ya Kijerumani yenye ukingo, hata akienda sokoni, hata kwenye msiba. Nilipomwuliza alisema, "Mjerumani simpendi. Nyundo yake naipenda." Akiona mashine mpya imeshushwa stesheni alikuwa anaipapasa kwa kiganja kizima, anaizunguka, anacheka peke yake.

Mimi kazi yangu ilikuwa kuuza uji na viazi vitamu kwenye mlango wa ile karakana, ndiyo maana niliona mengi. Sikuruhusiwa kupita mbele ya moto wake. Wafua vyuma wa milimani wana mwiko, mwanamke asikatize mbele ya tanuru chuma kikiwa kinaiva, na Fundi aliubeba mwiko ule mpaka ndani ya karakana ya wazungu. Nikisogea hatua moja alinikemea mpaka nyundo za wenzake zinasimama. Lakini nilipougua homa, nikalala bila kuinuka, yeye ndiye aliyeingia kwangu kuniwashia moto na kuniteka maji. Uji alinipikia yeye pia. Ulikuwa na mabonge, na nilipomwambia, mnajua alijibu nini.

Mpwa wake alikuwa kijana mrefu, mwenye meno makubwa na kicheko chepesi. Kila Ijumaa alikuja kwa mjomba wake baada ya swala, akachuchumaa mlangoni, "Shikamoo, mjomba." "Marahaba." Kisha kijana alianza kusimulia mambo ya mjini yasiyo na kichwa wala miguu, Fundi akamkata, "Nani kakuuliza?" na kijana akajibu, "Wewe, mjomba, jana uliniuliza." Yeye peke yake ndiye aliyekuwa na jibu. Na Fundi alikuwa anageuza uso ukutani ili tusimwone anatabasamu, kana kwamba mgongo hautabasamu.

Mnaotoka kwingine huenda hamjui. Kwetu mtoto ni wa upande wa mama, na mwanamume anayemjibia ni mjomba. Akitahiriwa, mjomba ndiye anayemshika. Akioa, mjomba ndiye anayekwenda kuzungumza. Akipotea, mama hamwulizi mumewe, anakwenda mlangoni kwa kaka yake kumwuliza mtoto wangu yuko wapi. Fundi hakuwa na mtoto wake mwenyewe, dada yake alikuwa na huyu mmoja tu, na kijana huyo akaandikwa askari wa Mjerumani vita vyake na Mwingereza vilipokuja.

Vita vilipofika katikati, bahari imefungwa, hakuna kitu kinachoingia, karakana ikaanza kutengeneza vitu ambavyo havijawahi kuonekana. Mkubwa wa pale alikuwa mhandisi wa Kijerumani tuliyemwita Bwana Miwani. Hakuwa mtu mbaya sana, hilo nalo linaniuma, maana ingekuwa rahisi. Bwana Miwani alichukua motokaa ya mizigo ya mkulima mmoja wa kizungu, akasema tuivue mwili wake wa mbao, tuivishe chuma, iwe sanduku la kubebea askari mpaka karibu na adui bila risasi kuwapata. Akachora ramani. Hakuna aliyekuwa amewahi kuunda kitu kama kile hapa kwetu, na ukimtazama vizuri usoni, hata yeye alikuwa anabahatisha.

Fundi hakuweza kuisoma ile ramani, wala hakulificha hilo. Alikuja uani kwangu na mzigo wa mabua ya mtama, akakaa chini, akaanza kuunda kigari kwa mabua na miiba, kama watoto wanavyofanya. Alikiunda, akakivunja, akakiunda tena. Mlango uwe wapi? Ukiwa ubavuni, askari akishuka anashukia risasi. Basi mlango nyuma. Juu kuwe wazi? Adui akipanda juu ya kichuguu anawapiga vichwani. Basi juu kufunikwe, pabaki tundu moja la kupita mtu mwembamba. Askari wakae mabenchi mawili, migongo kwenye chuma, magoti yakutane, na nyuma ya kila bega tundu la kutolea bunduki. Akakipeleka kwa Bwana Miwani kiganjani. Mzungu akakitazama muda mrefu, akafuta mistari fulani kwenye ramani yake.

Wote wawili walikuwa na furaha siku zile, na ni aibu kusema lakini hata mimi. Tuliliita Kobe. Mipira ya magurudumu ilikuwa imekwisha, kwa hiyo Fundi alichonga magurudumu ya mninga, akayavika pete za chuma. Pete inatiwa motoni mpaka iwe nyekundu, inadondoshwa kwenye gurudumu, inamwagiwa maji haraka, inajikaza mpaka mbao zinalia. Mwembesongo nzima ilinuka kuni. Petroli nayo ilikuwa hakuna, wakawa wanaiendesha kwa mafuta waliyoyapika kutoka kwenye mbata za nazi, na Kobe akiwashwa, moshi wake ulinuka vitumbua. Watu walikuja wamebeba njaa zao, wakikuta ni gari wanatukana.

Chuma kilitoka kwenye boila ya injini ya gari moshi iliyokufa. Bwana Miwani alipiga hesabu zake akasema bamba moja tu kila upande, basi. "Bamba moja, Fundi. Ukizidisha, magurudumu hayawezi, udongo hauwezi."

Wakalijaribu. Walisimamisha bamba kwenye tuta la reli, wakafunga mbuzi nyuma yake, askari akapiga kutoka mbali. Bamba likabonyea kidogo, mbuzi akaendelea kula majani. Wakasogea karibu, askari akapiga tena, na mbuzi akakaa chini kama amechoka, akafa. Bwana Miwani akasema, "Kwa mbali inatosha." Fundi alikwenda kwenye bamba akatia kidole kwenye lile tundu, akakizungusha. Tulimla yule mbuzi sote pale karakana. Fundi hakula.

Kisha wakachagua askari wa kupanda Kobe mara ya kwanza, na Bwana Miwani, kwa kutaka kumpa Fundi heshima, akamchagua mpwa wake. Alimwita Fundi mbele ya watu wote akamwambia hivyo kwa furaha. Fundi akavua kofia. Nilidhani anashukuru, kumbe alikuwa hajui mikono aiweke wapi.

Habari zilipanda mlima haraka. Dada mtu aliteremka na kikapu cha ndizi kichwani, mwanamke mwembamba, mkavu, mwenye sauti ndogo. Hakuingia ndani. Alikiweka kikapu uani kwangu, akanipa mkono, akamgeukia kaka yake.

"Nimesikia mbuzi alikufa."

"Nani kakwambia?"

"Mlima mzima unajua. Kaka, mimi nimezaa tu. Mtoto ni wako. Ulimshika akitahiriwa, hakulia kwa sababu ulikuwepo. Sasa unamtia kwenye sanduku ambalo risasi inapita?"

"Si mimi niliyemchagua."

"Sikuuliza nani aliyemchagua. Nimekuja kukwambia, usiponirudishia mwanangu, usipande tena kule kwetu. Hata nikifa, usipande."

Mimi nilijaribu kutia utani pale, maana ndiyo kazi ya mtani watu wakiwa wanaumizana, nikasema mwacheni kijana, kwa meno yale risasi yenyewe itageuka njia. Hakuna aliyecheka. Halafu Fundi akasema, "Nitamwekea bamba la pili. Upande wake. Atakaa wa kwanza kutoka mlangoni, mkono wa kushoto. Mabamba mawili, dada. Hakuna risasi inayopita mabamba mawili."

Yule mama akamtazama usoni, akaona anasema kweli. Akachukua ncha ya kanga akajifuta macho, akaanza kutugawia ndizi. Mimi nilisikia kila neno na niliona ni jambo jema. Nani asingeona?

Alilifanya siku ambazo Bwana Miwani alikuwa anaitwa bomani. Alilipachika kwa ndani, nyuma ya mbao za kuegemea, akapitisha ribiti kwenye matundu yale yale, kwa hiyo kwa nje huoni kitu. Chuma kilichobaki kilitosha upande mmoja tu, tena hakikufika mbele. Nilimwuliza, "Na wale wa kulia je?" Akanijibu bila kugeuka, "Wale wana wajomba zao."

Walipomshusha Kobe kwenye magurudumu yake, akainamia kushoto. Si sana, lakini hata mimi na ndoo yangu ya uji niliona. Bwana Miwani alizunguka, akapiga magoti, akavua miwani akaifuta, akatazama springi. Akasema springi ya kushoto imechoka, motokaa yenyewe kuukuu, itiwe kabari. Fundi alikuwa amesimama pale pale. Angeweza kusema. Midomo yake niliiona inatafuta neno. Kisha akaenda, akachonga kabari ya mninga, akaigongomea mwenyewe chini ya springi, na Kobe akasimama wima. Wazungu wakapiga makofi. Nilimpelekea Fundi uji wake, akaushika mpaka ukapoa, akanirudishia.

Kobe alipotoka, mvua za masika zilikuwa zimekwisha na ardhi juu imekauka. Adui alikuwa anakuja kutoka kaskazini, lakini bado yuko mbali. Ilikuwa ni kumjaribu tu, kuvuka Ngerengere na kurudi. Kijana alipanda wa mwisho ili akae wa kwanza kutoka mlangoni, kama alivyoagizwa. Alinipungia mkono akaniambia nimwekee viazi. Fundi alitembea nyuma ya gari kwa miguu, na kofia yake, pamoja na mafundi wengine.

Niliyoyajua baadaye niliyapata kwake na kwa waliotoka. Kwenye mteremko wa kuingia mtoni, udongo ulikuwa mkavu kwa juu na uji kwa chini. Gurudumu la kushoto likaitoboa ile ngozi ya juu, likazama. Kabari ikachomoka. Bwana Miwani alikuwa anapiga kelele simama, simama, lakini Kobe alikwisha anza kulala, na alilala polepole, wakamwona anavyolala, na hakuna mikono ya watu inayoweza kuzuia kitu kile. Akaangukia ubavu wa kushoto kwenye tope la ukingoni, mkia umedidimia, mlango umezibwa na tope. Wale wa kulia, ambao sasa walikuwa juu, wakapandiana mabegani wakatokea lile tundu. Wa kushoto walikuwa chini, na tope lilikuwa linaingia kwa matundu ya bunduki. Maji yenyewe yalikuwa ya magotini. Hakuna risasi hata moja iliyopigwa siku ile.

Fundi alichimba kwa mikono. Alichukua nyundo akapiga kwenye mlango, na kutoka ndani kijana akajibu kwa kugonga. Akapiga, akajibiwa. Wakaanza kukata ribiti za upande wa chini ili wafungue bamba, lakini alikuwa amezipiga mwenyewe, na amezipiga vizuri, ndivyo alivyozoea kufanya kila kitu. Walipokata ya kwanza, kule ndani kulikuwa kumenyamaza.

Alikuja kwangu alasiri na tope mpaka shingoni. Alikaa pale pale alipoundia kigari cha mabua, akaniambia yote, na mara ile alinong'ona kweli. Ilibidi niiname. Akasema, "Bwana Miwani alikuwa sahihi. Bamba moja lingesimama." Nikamwambia bamba moja lingetobolewa, si ulimwona mbuzi? Akasema ndiyo, lingetobolewa. Nimelifikiria jambo hilo tangu siku ile na sijaona mlango.

Alimbeba mwenyewe mpwa wake kumpandisha mlimani. Wenzake walishika machela kwa zamu, yeye hakubadilishana na mtu. Alijua alichoambiwa, usipande, na alipanda. Sote tuliokuwa nyuma yake tulikuwa tunajiuliza dada mtu atamfanya nini.

Kabla ya kufika kaburini watani walikuwa wanatungojea, ndiyo desturi. Bibi mmoja wa ukoo wetu, mtu wa Bigwa, akajilaza katikati ya njia akasema maiti haipiti. Akapiga kelele, "Fundi gani huyu! Tumemtuma motokaa, katuletea jeneza!" Watu wakacheka, maana kwenye mazishi mtani akisema lazima ucheke, na dada mtu naye akacheka huku machozi yanamtoka. Yule bibi hakujua kitu, alikuwa anafanya kazi yake. Mimi nilijua, na nilimtazama Fundi. Ilimpasa atoe kitu ili bibi ainuke. Akavua ile kofia ya Kijerumani akaiweka kifuani kwa yule bibi, na njia ikafunguka.

Baada ya kuzika, dada mtu alisimama mbele ya watu wote. Kwa ile sauti yake ndogo akasema, "Wapo watakaomsema kaka yangu. Msimseme. Wenzie mwanangu walikuwa na bamba moja moja. Wangu alikuwa na mawili. Kaka yangu hakumnyima mwanangu kitu, ni Mungu tu hakutaka." Kisha akamwendea akamkumbatia. Nilimwona Fundi juu ya bega la dada yake. Alifungua mdomo. Nilidhani anasema sasa hivi, nikasimama tayari. Akaufunga.

Hakupiga chuma tena. Wajerumani walipoondoka Morogoro walivunja walichoweza na kuchoma wasichoweza kubeba, Waingereza wakaingia, wakatafuta mafundi wa reli nyumba kwa nyumba, naye alikuwa amekwisha panda kwa dada yake, moja kwa moja. Sufuria zangu zikaanza kuvuja moja baada ya nyingine. Nilizipeleka kwa fundi mwingine Mwembesongo, akaziziba, akaniambia ahsante mama, karibu tena, na zikavuja.

Mwaka uliofuata nilipanda kuwaona, nimewabebea chumvi, maana kule juu ilikuwa shida. Ukipita Kilakala unaanza kupanda, na magoti yangu hayakuwa tena ya kupanda. Nilifika nimechoka, wingu limeshafunga. Dada mtu alikuwa amekaa mlangoni anachambua maharage, na alichokuwa amekalia ni lile bamba la pili. Nililijua kwa safu ya matundu ya ribiti. Alikuwa amewatuma vijana wa rika la mwanawe wakateremka mpaka Ngerengere, wakalitoa kwenye mzoga wa Kobe, wakalipandisha kwa miti mabegani, njia ile yote. Akalilaza mbele ya mlango.

"Karibu, mtani, kaa hapa, panapoa," aliniambia, akalipapasa. "Chuma cha mwanangu hiki. Kila nikikaa hapa naona kaka yangu alivyotupenda."

Nikakaa. Ningefanyaje?

Fundi alikuwa mbali kidogo, chini ya migomba, mikono mitupu. Nilimfuata kumsalimia. Alikuwa amekonda, na nyusi zake zimeota, mwanamume yule na nyusi! Nikamwambia, "Ala, Nyusi Zimerudi." Nikaona nyuma ya nyumba ametoboa ukuta wa udongo, pametosha mtu kuinama na kupita. Dada yake aliniambia baadaye kwamba kaka siku hizi anapitia kule, amekuwa anaogopa mlango, ni huzuni tu, itaisha.

Nikamsogelea kwenye sikio lake zima. "Fundi. Mwambie."

"Nani kakuuliza?" Lakini alilisema bila nguvu, kisha akaendelea. "Nikimwambia, atabaki na nini? Mtoto hana. Ana bamba."

Niligeuka nikamtazama dada mtu pale mlangoni, ameinamia maharage yake.

Mvua ikaanza. Dada mtu alikusanya maharage haraka akaingia ndani, akatuita tuingie. Mgeni nikiwepo, Fundi aliona haya kuzunguka kwenye tundu lake, akanifuata mlangoni. Alilikanyaga lile bamba kwa unyayo mtupu, akapita, akakaa karibu na moto. Kule nje matone yakaanza kulipiga. Kwanza moja moja, na nafasi katikati. Fundi akainua mkono akaliziba sikio lake zima kwa kiganja, akainama.

"Ndivyo anavyofanya," dada mtu aliniambia. "Mvua ikinyesha tu sikio linamsumbua, maskini. Baridi hiyo." Akatia mafuta ya nyonyo kwenye kijiko, akayapasha motoni, akayajaribu kwa ncha ya kidole yasije yakamchoma. Akakiondoa kile kiganja taratibu, akamlaza kichwa mapajani mwake kama mtoto, akamdondoshea mafuta sikioni, tone kwa tone, huku nje bamba linagongwa.

Fundi alifumba macho. "Ahsante, dada," akasema.